Ushahidi au Hukumu? Nafasi ya Kopasi na Nyenzo Nyingine za Kidijitali katika Ufundishaji wa Sarufi ya Kiswahili Shuleni

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna nyenzo za kidijitali zinavyoweza kutumika katika kufundisha sarufi ya Kiswahili katika shule za sekondari, hususan nchini Tanzania. Hoja yetu ni kwamba nyenzo hizo ni za namna mbili: zile zinazompa mwanafunzi hukumu, kama vile programu za kusahihisha tahajia na za kutafsiri, na zile zinazompa ushahidi, kama vile kopasi. Tunaonyesha kuwa, kutokana na muundo wa neno la Kiswahili, nyenzo za ushahidi zina manufaa zaidi darasani, na kwamba hazihitaji vifaa vingi. Somo moja la mfano, linalohusu upatanisho wa vimilikishi, linatolewa kwa kina.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu kuingiza kompyuta katika shule zetu umeendeshwa zaidi kwa hesabu ya vifaa: kompyuta ngapi, shule ngapi, na umeme umefika wapi. Tanzania ilitoa Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi mwaka 2007. Nchini Kenya, serikali ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa madarasa ya mwanzo ya shule za msingi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, serikali ya Tanzania iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyokuwa vimetumiwa na makarani wa sensa. Hatua hizi ni za kupongezwa. Hata hivyo, swali la mwanaisimu na la mwalimu wa lugha ni tofauti: kifaa kikishafika, kinamfundisha nini mwanafunzi kuhusu lugha yake?

Swali hili lina uzito wa pekee katika somo la Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, aghalabu, haji darasani kujifunza Kiswahili kama lugha ngeni. Anakuja na ujuzi alioupata nyumbani, mtaani na katika shule ya msingi, na shule inamtaka aupime ujuzi huo kwa mizani ya Kiswahili sanifu. Kila chombo kinachoingia kati ya ujuzi wake na usanifu huo huchukua, kwa kiasi fulani, nafasi ya mwamuzi. Hatuna budi basi kuuliza mwamuzi huyo amejifunzia wapi Kiswahili chake, na kama mwanafunzi anaweza kukata rufani.

Katika sehemu zinazofuata tutazitofautisha kwanza nyenzo zilizopo, kisha tutaonyesha jinsi muundo wa neno la Kiswahili unavyozitatiza mashine. Baada ya hapo tutatoa somo la mfano, tujadili suala la usanifu, na kuishia na vikwazo vya utekelezaji.

2.0 Aina Mbili za Nyenzo

2.1 Nyenzo za Hukumu

Nyenzo za hukumu ni zile ambazo mwanafunzi huzipa neno au sentensi, nazo humrudishia jibu bila kumwonyesha msingi wake. Programu ya kusahihisha tahajia hupigia mstari mwekundu neno isilolitambua. Programu ya kutafsiri hutoa tafsiri. Programu za akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita, ambazo zimeenea sana tangu mwishoni mwa mwaka 2022, hutoa insha nzima. Katika hali zote hizi mwanafunzi huona matokeo tu. Haoni ni matini zipi zilizoifanya mashine iamue hivyo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari yake. Nafsi ya tatu umoja katika Kiswahili haibainishi jinsia. Sentensi *Yeye ni daktari* na *Yeye ni muuguzi* hazisemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hudai uchaguzi huo ufanywe. Prates na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walizijaribu sentensi za namna hii kutoka lugha kadhaa zisizobainisha jinsia katika viwakilishi vyake, Kiswahili kikiwemo. Waligundua kuwa programu ya kutafsiri waliyoichunguza ilielekea kuchagua jinsia ya kiume, hasa kwa kazi za sayansi na uhandisi. Mashine haikuipata jinsia hiyo katika sentensi ya Kiswahili. Iliiongeza yenyewe. Mwanafunzi anayeipokea tafsiri kama hukumu hawezi kuligundua jambo hilo, ilhali mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza *umeyajuaje haya?* amepata somo zuri la mofolojia linganishi.

2.2 Nyenzo za Ushahidi

Nyenzo za ushahidi ni zile zinazomwonyesha mwanafunzi lugha ilivyotumika na kumwachia kazi ya kuamua. Iliyo kuu kati yake ni kopasi, yaani mkusanyo wa matini halisi uliohifadhiwa katika kompyuta ili uweze kutafutwa kwa utaratibu. Kwa Kiswahili, kopasi inayofahamika zaidi ni ile ya Helsinki, iliyotokana na kazi ya Arvi Hurskainen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Toleo lake la kwanza lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5, na la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Hupatikana kupitia Benki ya Lugha ya Ufini, na humo mna vitabu, habari za magazeti na majadiliano ya Bunge la Tanzania.

Chombo cha kuisomea kopasi ni konkodansi, yaani orodha ya mistari ambamo neno linalotafutwa hukaa katikati, likiwa na muktadha wake kushoto na kulia. Matumizi ya mistari hiyo darasani yalienezwa na Tim Johns wa Chuo Kikuu cha Birmingham katika miaka ya 1980 na 1990. Alitaka mwanafunzi awe mtafiti wa lugha anayojifunza, naye mwalimu awe msimamizi wa utafiti huo. Johns aliwafundisha wageni waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Tunaona kwamba wazo lake linawafaa zaidi wanafunzi wetu, kwa sababu wao wanaweza kuulinganisha ushahidi wa kopasi na umilisi walio nao tayari.

3.0 Neno la Kiswahili Mbele ya Mashine

Nyenzo nyingi za kidijitali zimeundwa kwanza kwa ajili ya lugha ambazo neno lake hubadilika kidogo. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na kitenzi chake huweza kubeba kiima, njeo, yambwa na kauli kwa pamoja. Tuchukue kitenzi *soma*. Tukitumia viambishi sita vya nafsi na viambishi vinne tu vya njeo na hali (*-na-*, *-li-*, *-ta-* na *-me-*), tunapata maumbo 24. Tukiongeza viambishi saba vya yambwa vya vitu (*-ki-*, *-vi-*, *-u-*, *-i-*, *-li-*, *-ya-* na *-zi-*), tunapata maumbo mengine 168. Jumla ni maumbo 192 ya mzizi mmoja, kabla ya kugusa ukanushi, urejeshi wala kauli yoyote ya mnyambuliko.

Hesabu hii ina maana tatu kwa darasa. Kwanza, programu ya tahajia inayotegemea orodha ya maneno tu, bila uchanganuzi wa mofolojia, haiwezi kuwa na maumbo yote. Itapigia mstari neno sahihi kama *hawatatuandikia*, na mwanafunzi asiyejiamini atalifuta. Hurskainen alilitambua tatizo hili mapema, ndiyo maana mfumo wake wa SALAMA, ulioanza kuundwa mwaka 1985, ulijengwa juu ya uchanganuzi wa mofimu. Pili, kamusi ya mtandaoni haimwondolei mwanafunzi kazi ya kuchanganua. Ili alipate neno *hawatatuandikia* kwa uhakika, sharti ajue kuwa shina lake ni *andika*. Tatu, utafutaji wenyewe huwa zoezi la sarufi.

Hii maana ya tatu ndiyo tunayotaka kuisisitiza. Programu ya konkodansi kama AntConc, iliyotungwa na Laurence Anthony na inayotolewa bila malipo, humruhusu mtumiaji kuweka alama ya nyota mahali pa herufi zozote. Mwanafunzi akitafuta *\*som\ ataletewa *anasoma*, *walisomeshwa*, *msomi*, *masomo*, *usomaji* na *kisomo*. Lakini pia ataletewa *Somalia*, *Wasomali* na *wakasomba*. Hapo ndipo somo linapoanza. Ni kwa nini *kisomo* ni ndugu wa *soma* na *kusomba* si nduguye? Mwanafunzi analazimika kutenganisha mfanano wa herufi na uhusiano wa mzizi, jambo ambalo vitabu vya kiada huligusia kwa mifano michache iliyochaguliwa ili isilete utata. Naye akitafuta kitenzi cha silabi moja kama *la* kwa njia hiyo hiyo, atafurikwa na maelfu ya maneno yasiyohusika. Atakuwa amejifunza kwa vitendo kwa nini wanaisimu huvitenga vitenzi hivyo katika uchanganuzi wao.

4.0 Somo la Mfano: Vimilikishi na Nomino za Viumbe

Tuchukue mada ya ngeli za nomino. Mwanafunzi hufundishwa kuwa, kwa mtazamo wa kisintaksia, nomino za viumbe vyenye uhai huingia katika ngeli ya A-/WA-. Anakariri *mtoto wangu anacheza*, *watoto wangu wanacheza*. Kisha anatoka darasani na kusema, kama wasemavyo watu wote, *baba yangu anakuja* na *rafiki zangu wanakuja*. Kitenzi kinafuata A-/WA-, ilhali kimilikishi kinafuata I-/ZI-. Kanuni aliyopewa haielezi lugha anayoizungumza, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba ameona vizuri.

Tunapendekeza somo la vipindi viwili. Mwalimu huandaa mistari 30 hadi 40 ya konkodansi yenye nomino *rafiki*, *ndugu*, *dada*, *jirani*, *mtoto*, *mwalimu*, *ng'ombe* na *mbwa*, kila moja ikifuatwa na kimilikishi. Mistari ifuatayo tumeitunga wenyewe ili kuonyesha umbo la zoezi tu; darasani itumike mistari halisi.

(1) … jana niliwakuta *rafiki zangu* wamekwisha kuondoka …
(2) … akasema kuwa *rafiki yake* hakupata nauli …
(3) … tuliwaalika *ndugu zetu* wote wa Pangani …
(4) … alimpeleka *ng'ombe wake* mnadani asubuhi …
(5) … waliwachunga *ng'ombe zao* bondeni …
(6) … hawa ni *watoto wangu* wa kwanza na wa pili …

Hatua ya kwanza ni kuuliza swali bila kutoa kanuni: ni kitu gani kinachoamua umbo la kimilikishi? Hatua ya pili, wanafunzi wakiwa katika vikundi, huipanga mistari katika mafungu na kuhesabu. Hatua ya tatu, kila kikundi huandika kanuni yake na kuijaribu kwa mistari ambayo hakijaiona. Hatua ya nne ni kuirudia kanuni ya kitabu cha kiada na kuirekebisha.

Kikundi makini kitaona mambo manne. La kwanza, nomino zenye kiambishi *m-/wa-* hushika *wangu* katika umoja na wingi. La pili, nomino za watu zisizo na kiambishi hicho, hasa za jamaa na urafiki, hushika *yangu* na *zangu*, ingawa kivumishi, kionyeshi na kitenzi hubaki katika A-/WA-: *rafiki zangu hawa wema wamefika*. La tatu, majina ya wanyama huonyesha sura ya kati: *ng'ombe wangu* katika umoja, lakini *ng'ombe zangu* katika wingi, na hapa mistari huenda isikubaliane yote. La nne, yapo maumbo yaliyoungana, kama *mamangu*, *nduguye* na *mwanangu*, ambayo hayatapatikana kwa kutafuta maneno mawili, na yanadai utafutaji wa aina nyingine.

Jambo la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mwanafunzi anapokutana na *mbwa zangu* na *mbwa wangu* za wingi katika matini zilizohaririwa, hawezi kusema tu kwamba mmoja kakosea. Analazimika kuuliza nani aliandika, wapi, lini na katika matini ya namna gani. Tofauti hiyo imekwisha kujadiliwa na wanasarufi. Mwanafunzi sasa ameifikia kwa njia yake mwenyewe, naye ataelewa kwa nini walijadiliana.

5.0 Ushahidi na Suala la Usanifu

Msomaji anaweza kuhofu kwamba njia hii itavunja usanifu: kwamba mwanafunzi atadai kila kinachopatikana katika kopasi ni sahihi. Hofu hii si ya kupuuzwa. Kiswahili sanifu kilijengwa kwa juhudi za makusudi, tangu kuchaguliwa kwa Kiunguja kuwa msingi wake mwaka 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, hadi kazi za BAKITA na za taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyokuwa TUKI na ambayo tangu mwaka 2009 ni TATAKI. Jitihada hizo si za kutupwa kwa sababu ya mistari michache iliyopatikana katika kompyuta.

Hata hivyo, kopasi haidai kuwa mtunga kanuni. Inasema tu kwamba umbo fulani limetumika, mara ngapi, na katika mazingira gani. Chukua *jambo jingine* na *jambo lingine*, au *habari nyingine* na *habari zingine*. Walimu wengi hukata *lingine* na *zingine* kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi akizikuta katika magazeti na katika hotuba za wabunge, mwalimu ana njia mbili. Anaweza kumwambia kuwa magazeti yamekosea, na mazungumzo yakaishia hapo. Au anaweza kumfafanulia kuwa usanifu ni makubaliano, kwamba makubaliano hayo huandikwa katika kamusi na sarufi, kwamba huweza kupitiwa upya, na kwamba katika mtihani anatarajiwa kuyafuata jinsi yalivyo sasa. Njia ya pili inaulinda usanifu zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi anayeelewa kanuni ilivyopatikana ana sababu ya kuiheshimu.

Sharti lakini kopasi yenyewe nayo ihojiwe. Kopasi iliyokusanywa zaidi kutoka Tanzania haitampa mwanafunzi wa Kenya picha sawa ya maneno kama *tarakilishi* na *rununu*, ambayo vitabu vya Kenya huyatumia mahali ambapo Mtanzania husema *kompyuta* na *simu ya mkononi*. Kimya cha kopasi si uthibitisho kwamba neno halipo.

Kuna jambo zito zaidi. Thompson na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2024, walionyesha kuwa sehemu kubwa ya matini zilizomo katika intaneti zimetafsiriwa na mashine, na kwamba hali hiyo ni mbaya zaidi kwa lugha zenye matini chache mtandaoni. Maana yake kwetu ni hii. Matini za mashine zikiwekwa mtandaoni na kisha kukusanywa kama mifano ya lugha, mashine zitakuwa zinajifundisha kutokana na makosa yao wenyewe, nazo zitawarudishia wanafunzi wetu makosa hayo kama Kiswahili. Mwanafunzi asiyezoea kuuliza chanzo cha matini hana kinga dhidi ya mzunguko huo.

6.0 Vikwazo na Utekelezaji

Pingamizi la kawaida ni ukosefu wa vifaa. Ni kweli kwamba katika shule nyingi za sekondari za Tanzania wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na intaneti ni ya shida au haipo. Lakini njia tunayoipendekeza haidai mwanafunzi awe na kifaa. Inadai mambo matatu tu: kompyuta moja ya mwalimu, matini, na mahali pa kuchapia au hata ubao wa kunakilia mistari. AntConc ikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Mwalimu mwenye kishikwambi tu anaweza kutumia uwezo wa kutafuta neno ndani ya faili, ingawa atalazimika kunakili mistari mmoja mmoja.

Kuhusu matini, ipo hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo, nayo ni Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge la Tanzania, maarufu kama Hansard, ambazo huwekwa katika tovuti ya Bunge. Zimeandikwa kwa Kiswahili, zina tarehe na majina ya wasemaji, na wasemaji hao wanatoka pande zote za nchi. Mwalimu akipakua taarifa za mkutano mmoja na kuzigeuza kuwa matini za kawaida, amepata kopasi ya darasa. Ajue tu kwamba ni lugha ya jukwaa rasmi na kwamba imepita mikononi mwa waandishi wa taarifa. Ni vyema akaichanganya na matini nyingine, zikiwemo insha za wanafunzi wenyewe, ambazo zitamwonyesha makosa yanayojirudia katika darasa lake na si katika darasa la kufikirika.

Kikwazo kikubwa zaidi ni muda na maandalizi ya mwalimu. Kuandaa mistari 40 kwa mara ya kwanza kunaweza kumchukua jioni nzima, naye ana madaftari ya kusahihisha. Kwa hiyo mzigo huu haupaswi kubebwa na mwalimu mmoja mmoja. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti. Kila mmoja wao akiandaa seti moja ya mistari kuhusu kipengele kimoja cha sarufi, pamoja na maelezo ya chanzo cha kila mstari, katika miaka michache shule zitakuwa na akiba ya kutosha. Nayo itakuwa kazi ya kitaaluma yenye hadhi, kwa maana vipengele vingi vya sarufi yetu, ikiwemo tofauti ya *wangu* na *zangu* kwa majina ya wanyama, vinastahili kuhesabiwa kwa makini zaidi.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa thamani ya chombo cha kidijitali katika somo la Kiswahili haipimwi kwa upya wake wala kwa wingi wa majibu yake, bali kwa kazi ya akili kinayomwachia mwanafunzi. Chombo cha hukumu humpa jibu na kumnyang'anya sababu. Chombo cha ushahidi humpa mistari na kumtaka atafute sababu mwenyewe, akiongozwa na mwalimu anayeijua sarufi. Muundo ambishi wa lugha yetu, ambao ni kikwazo kwa mashine nyingi, hugeuka hapa kuwa utajiri, kwa kuwa kila utafutaji hudai uchanganuzi.

Hatupendekezi nyenzo za hukumu zifukuzwe shuleni, kwani zimekwisha kuingia maishani mwa wanafunzi, na hazitatoka. Tunapendekeza mwanafunzi afike mbele yake akiwa amekwisha kuzoea kudai ushahidi. Wajibu wa kwanza katika jambo hili ni wetu sisi tulio katika idara za Kiswahili: kukusanya matini, kuzieleza kwa uaminifu, na kuzifikisha kwa mwalimu katika umbo analoweza kulitumia kesho asubuhi.